Kiti cha Nje

Nyongeza ya kumi na nne kwenye oda ya gari ndiyo iliyoleta balaa. Zile kumi na tatu za kwanza zilikwenda kama maji mtelemkoni: binti aliuliza, mteja akajibu, binti akatia alama kwenye kisanduku, bei ikapanda, na mteja hata hakupepesa macho.

Mteja mwenyewe alikuwa mwenye kitalu cha uwindaji, mtu wa miaka hamsini na ushei, mwenye sauti iliyozoea kuitikiwa. Alikaa kwenye kochi katikati ya duka la magari mapya, kiatu kimoja juu ya goti, akinywa kahawa ambayo wafanyakazi hawakuruhusiwa kuigusa. Mezani palikuwa na fomu ya oda ya kurasa sita, vipande vya ngozi vya kuchagulia rangi ya siti, na kikokotoo. Binti alikuwa karani wa oda. Miezi yake mitatu ya majaribio ilikuwa imebakiza wiki mbili, na meneja alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno: "Oda hii ikiingia, barua yako ya ajira naitia sahihi siku hiyohiyo. Isipoingia, kila mtu na bahati yake."

"Tundu la paa?" binti aliuliza.

"Liwe kubwa. Watu wawili wasimame bila kusuguana mabega."

"Pembeni kuna reli ya kuegemezea bunduki. Chuma kitupu au kilichovikwa mpira?"

"Mpira. Mgeni amepanda ndege mbili kuja kuwinda, halafu nimchubue kiwiko?"

"Taa za juu?"

"Nne, zile zinazozunguka. Mnyama akimulikwa na zile anasimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini." Mwenye kitalu akacheka. Binti naye akacheka, cheko la kikazi, la meno ya mbele tu.

Wakapita kwenye kamera inayoona gizani, kwenye friji ya chupa ishirini na nne, kwenye siti zinazopuliza ubaridi mgongoni. Bei ya siti zile peke yake ingeweza kujenga chumba na choo. Ndipo wakafika kwenye kiti cha msoma nyayo, kile kinachofungwa nje kabisa, mbele kushoto juu ya bampa, ili anayekikalia aone ardhi kabla ya gari kuikanyaga.

"Kinakuja na mkanda," binti alisema.

"Mkanda toa."

"Samahani, bwana?"

"Toa mkanda. Ukimfunga mtu mkanda, akiona nyayo ataanza kuhangaika na kifungo, mnyama keshavuka mto. Mimi nataka aruke. Na sponji usiweke. Akistarehe atasinzia."

Binti akapekua fomu. Ilikuwa imeandikwa wazi kwamba kila kiti lazima kiwe na mkanda, na karani atie sahihi chini yake. Akamtazama meneja, aliyekuwa anapitapita karibu kama mtu asiyesikiliza. Meneja akainama, akanong'ona kwa sauti ambayo mteja aliisikia vizuri.

"Hilo dogo. Usiandike kiti. Andika kibebea mzigo, mbele kushoto. Mzigo haufungwi mkanda."

"Umeona?" mwenye kitalu alisema. "Meneja wako ana akili. Na ninayemweka pale wala hatalalamika. Tunamwita Kimya. Miaka kumi na tisa niko naye. Ukimwambia aruke, anachouliza ni wapi tu. Ana pua ya mbwa yule mzee, nakwambia kweli."

Kalamu ya binti ikasimama juu ya karatasi.

Kimya alikuwa baba yake.

Angeweza kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye ulimi. Lakini barua ilikuwa mbele yake, na zaidi ya barua palikuwa na jambo jingine ambalo hata mama yake hakulijua: wiki ya kwanza kazini, wenzake walipomuuliza mzee wake anafanya nini, alijibu kwamba ni afisa wa wanyamapori. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri, ule uliompatia kazi: *Kibebea mzigo, mbele kushoto.*

"Kwa kimo cha kiti," meneja alisema, "mlete huyo mzee Alhamisi, fundi ampime."

* * *

Nyumbani kwao palikuwa na vyumba viwili, kibaraza cha saruji, na cherehani cha mama yake kilichowekwa mlangoni kufuata mwanga. Mama alikuwa anashona sare za shule, sketi za buluu zimelundikana miguuni pake. Baba yake alikaa kwenye ngazi akipaka buti mafuta. Msimu wa uwindaji ulikuwa umefungwa, na mpaka ufunguliwe alikuwa analipwa nusu mshahara.

Binti alieleza habari yote ya gari isipokuwa neno mzigo.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Hakuitwa Kimya bure.

"Taa nne," alisema.

"Nne, baba."

"Na wapige wakiwa humohumo ndani?"

"Kwenye tundu la paa."

Baba akaweka buti chini. "Basi mimi sikai pale. Nikikaa pale si msoma nyayo tena, ni taa ya tano."

Mama akasimamisha cherehani kwa kiganja. "We baba wee! Sema polepole, majirani wasije wakadhani tuna kazi ya kuchezea."

"Mke wangu, sikiliza. Mnyama ana pua, ana masikio, ana miguu minne. Mimi nina macho na miguu miwili. Hapo tumetoshana. Siku akinishinda, namvulia kofia narudi kulala. Siku nikimshinda, najua nimemshinda. Sasa ukimletea taa ya kumduwaza, na gari la kumfukuza, na mtu amekaa ndani anapulizwa ubaridi, yeye amebakiwa na nini? Huko si kuwinda. Huko ni kumvizia mtu chooni."

"Haki ya mnyama nimeisikia," mama alisema. "Haki ya sufuria langu itasikilizwa lini?"

"Hata kibali kimeandikwa. Ushuke garini, utembee hatua mia mbili, na jua liwe juu."

"Kibali anakisoma nani huko porini? Nyani?"

Binti alicheka bila kutaka. Baba naye akatabasamu, lakini tabasamu halikukaa.

"Na akijeruhiwa," alisema, "nani anashuka kumfuata vichakani? Si aliyepiga. Aliyepiga anafungua friji."

Mama akaurudisha mguu kwenye kanyagio, cherehani kikalia kwa hasira ambayo haikuwa yake.

Binti alisogea akakaa ngazi ya chini ya baba yake. Alikuwa amejipanga tangu kwenye basi, na bado maneno yalitoka vibaya. "Baba, gari lenyewe halifiki kabla ya miezi minne. Wanachotaka ni uje upimwe kimo tu. Oda ifungwe, nipate barua. Hayo mengine tutayakuta mbele ya safari."

Baba alimtazama kama anavyotazama udongo baada ya mvua.

"Huko kazini wanajua mimi ni nani wako?"

Binti akaangalia vidole vya miguu yake. "Bado."

"Haya," baba alisema bila ugomvi, na kukosekana kwa ugomvi kulimuuma zaidi. "Nitakuja kupimwa. Kupimwa si kukaa."

* * *

Alhamisi baba alivaa shati lake jeupe, lililopigwa pasi mpaka mikunjo ingeweza kukata mkate. Binti alimwona kupitia kioo kikubwa cha duka akipanda ngazi. Alimwona pia mlinzi akinyoosha mkono. Hakusikia yaliyosemwa, ila aliona baba yake akitikisa kichwa kukubali, akashuka, akazunguka jengo. Alipoingia aliingia kwa mlango wa karakana, nyuma ya fundi bodi, shati tayari limepata alama ya grisi mkononi.

Macho yao yalikutana. Baba akawahi kusalimia.

"Habari za kazi, dada."

"Shikamoo, mzee," binti alisema.

"Marahaba."

Shikamoo ilikuwa ileile ya kila asubuhi. Lakini mzee na dada vilisimama katikati yao kama ukuta wa matofali, na matofali alikuwa ameyafyatua yeye mwenyewe.

Fundi bodi aliweka kigoda juu ya maboksi mawili, akamwomba mzee akae. Mwenye kitalu alizunguka akikagua kama anayenunua ng'ombe.

"Pandisha kidogo. Miguu isifike kwenye bampa, atanikwaruzia rangi na hayo mabuti yake."

Fundi akaongeza boksi. Miguu ya baba ikaning'inia. Alikaa wima, mikono mapajani, akitazama ukuta wenye picha ya gari jekundu, huku futi ya fundi ikipita kiunoni, gotini, kisiginoni. Wafanyakazi wawili wa ofisi ya fedha walisimama mlangoni na vikombe vyao.

"Uzito?" fundi aliuliza. "Chuma cha kushikilia lazima nijue kitabeba kiasi gani."

"Sijui," baba alisema. "Sijapimwa siku nyingi."

"Mizani ya vipuri ipo pale," meneja alisema. "Vua buti, mzee, tusije tukapima na matope ya porini."

Baba akavua. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, dole gumba likachungulia. Akapanda juu ya sahani ya chuma ambayo kila siku hupakiwa injini na maboksi ya betri. Meneja akainama kusoma, akatangaza kwa sauti ya mnadani:

"Mzigo, kilo sitini na moja! Andika, dada."

Wale wa mlangoni wakacheka. Halikuwa cheko la ubaya, na pengine ndiyo maana liliingia ndani zaidi.

Binti hakuandika. Alifunga kalamu, akaiweka juu ya meza, akasema kwa sauti ya chini:

"Si mzigo. Ni baba yangu."

Fundi akaacha kukunja futi.

"Nani?" meneja aliuliza.

"Huyo mliyempandisha kwenye mizani. Ni baba yangu mzazi. Niliwadanganya kwamba ni afisa. Si afisa, ni msoma nyayo, na hakuna afisa humu nchini anayeweza kazi yake. Na hapa," akanyanyua fomu, "niliandika kibebea mzigo kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikosea. Sitii sahihi."

Meneja aligeuka rangi. Lakini mwenye kitalu aliinua mkono, akacheka cheko la mtu mwenye nafasi.

"Taratibu, taratibu. Kumbe ni mambo ya familia! Kimya, mbona hukusema una binti msomi? Basi yaishe. Wekeni mkanda, gharama juu yangu. Wekeni na sponji. Dada, umeridhika?"

Binti aliona bega la meneja likishuka kwa nafuu. Naye mwenyewe, asingekana, alihisi nafuu ikimpanda miguuni. Mkanda umepatikana. Barua itapatikana. Aligeuka kumtazama baba yake.

Baba alishuka kwenye mizani.

"Nakushukuru kwa mkanda, bwana mkubwa," alisema. "Mkanda ni wa kwangu mimi. Wa mnyama uko wapi?"

"Wa mnyama?"

"Mimi ukinifunga nimesalimika. Yeye je? Miaka kumi na tisa nimekutafutia wanyama kwa miguu. Mgeni wako akichoka, nilimsubiri. Akikosa, nilimwambia, bwana, mnyama kakushinda leo, turudi kesho. Walikuwa wanakasirika, lakini walikuwa wanarudi kwao na habari ya kweli. Sasa unataka nikae mbele nikuonyeshee kidole, upige ukiwa garini, usiku, kwa taa. Hapana. Sikai, hata kwa mkanda sikai. Na ukiweka kitanda silali."

Hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo mbele ya watu, hata binti yake.

"Unajua unamwambia nani?" Cheko la mwenye kitalu lilikuwa limekauka.

"Najua. Ndiyo maana nakwambia wewe, simwambii mwingine."

"Msimu ukifunguliwa usije. Na mwezi huu usije kuchukua kitu."

"Sawa."

Baba akakaa kwenye sakafu inayong'aa ya duka la magari, akavaa buti. Alipitisha kamba tundu moja baada ya jingine bila haraka, na watu wote, mwenye kitalu na meneja na wa ofisi ya fedha, wakajikuta wamesimama wakimngoja. Binti akaja akasimama kando yake mpaka alipomaliza fundo la pili.

"Twende, baba," alisema, mbele ya wote.

"Wewe una kazi mpaka saa kumi na moja," baba alimjibu. "Baki umalize. Usiwape sababu."

Akabaki. Alimaliza saa zake zote, akapanga mafaili, akajibu simu. Meneja alitia sahihi ile fomu yeye mwenyewe, mkanda ukaondolewa tena, na wiki mbili zilipoisha binti alipewa bahasha iliyokuwa na shukrani za mistari miwili na hakuna barua ya ajira.

* * *

Miezi minne ile haikuwa ya kuimbiwa. Binti alipata kazi kwenye kaunta ya duka la vipuri vilivyotumika, mshahara pungufu ya nusu, na kucha zikawa nyeusi kwa oili. Baba alilima mashamba ya watu kwa kutwa. Siku nyingine aliitwa, siku nyingine alirudi na jembe lake kavu. Mama alishona mpaka macho yakawa mekundu. Hakulaumu moja kwa moja, lakini sahani zikiwa nyepesi alisema, akiangalia ukutani: "Wanyama wanakusalimu, mume wangu. Wamesema wameshiba." Baba alikuwa anaitikia: "Wasalimie nao."

Jumamosi moja mchana, siku chache kabla ya msimu kufunguliwa, gari lilisimama nje ya kibaraza. Binti alilitambua kabla halijazima injini. Alikuwa amelichagua kisanduku kwa kisanduku: rangi ya majani makavu, tundu la paa, reli yenye mpira, taa nne. Na mbele kushoto, kiti.

Alishuka dereva wa kitalu, mtu aliyefanya kazi na baba yake miaka mingi, kofia mkononi.

"Hodi. Shemeji, shikamoo. Nimetumwa, msinipige."

"Marahaba. Karibu, ukae useme," mama alimwambia.

Dereva alieleza akiwa amesimama. Wiki iliyopita, walipokuwa wakilijaribu gari na taa zake kabla ya msimu, msoma nyayo mpya alimpoteza nyati aliyejeruhiwa, siku mbili hakuonekana, mpaka wachungaji wakavamiwa naye kisimani. Bahati walikuwa karibu na mti. Mgeni mkubwa anakuja Ijumaa. Bwana mkubwa amesema yamepita yamepita. Kimya arudi, mshahara mara mbili.

"Mara mbili," mama alirudia polepole.

Binti alimtazama mama yake, akaona hesabu zinavyopita usoni: kodi, macho, sketi za buluu.

Baba alikuwa anaosha jembe. "Atashuka garini?" aliuliza.

"Nani?"

"Mgeni. Atashuka atembee, taa zizimwe, jua liwe juu?"

Dereva akakuna shingo. "Kaka, unalijua jibu."

"Na nyati yule mlimfuata?"

"Sisi? Bwana mkubwa alisema atakufa mwenyewe."

Baba akatikisa kichwa, akaendelea kuosha jembe. Ilikuwa zamu ya mama kusema, na wote walijua. Lakini mama aliacha sketi, akatoka nje, akaenda mpaka mbele ya gari. Majirani walikuwa wameshakusanyika kulishangaa. Akakigusa kile kiti. Chuma kitupu, kimejaa vumbi, kidogo kama cha kukalia mtu akimenya viazi.

"Anakaa hapa?"

"Hapo, shemeji."

"Anashika wapi?"

Mama akakunja kanga yake, akaweka mguu juu ya bampa, akajivuta. Alikuwa mwanamke mnene, na majirani wakaangua kicheko, mmoja akapiga vigelegele: "Shemeji kanunua gari!" Mama naye alicheka. Kisha akakaa, miguu ikaning'inia, na cheko likamtoka usoni kidogokidogo.

"Endesha," alisema.

"Shemeji, utaanguka."

"Mbona yeye hamkumwambia ataanguka? Endesha."

Dereva akaingia, akawasha, akasogeza gari hatua kumi kwa mwendo wa konokono. Lilipita juu ya jiwe. Binti alimwona mama yake akitupa mikono huku na huku kutafuta pa kushika, akipata hewa, akiinama mpaka karibu atoke. Mbele yake hapakuwa na kioo, wala mlango, wala kitu chochote. Chochote ambacho gari lingekutana nacho, yeye angekutana nacho kwanza. Nyuma yake, juu, kulikuwa na siti za ubaridi na friji na reli iliyovikwa mpira.

Gari likasimama. Mama alibaki amekaa. Hakuna aliyecheka tena.

"Simu yake unayo?" alimuuliza dereva.

"Ya nani?"

"Ya bwana mkubwa wako. Mpigie."

Dereva alimtazama baba. Baba alikuwa ameacha jembe, anamtazama mkewe kama hajawahi kumwona. Dereva akapiga, akaweka sauti ya nje, akampa.

"Enhe, amekubali?" sauti ya mwenye kitalu ikasikika mtaa mzima.

"Hapana, bwana. Hapa anaongea mkewe."

"Mpe mumeo simu, mama."

"Mume wangu alishasema, nilikuwepo, ila mimi ndiye sikusikia. Sasa nimekaa kwenye kiti chako. Nimekikalia hatua kumi. Bwana, wewe mwenyewe umewahi kukikalia?"

Mwenye kitalu akakohoa tu.

"Nilikuwa nambishia mume wangu. Nikadhani anamtetea mnyama, sisi tunakufa njaa. Kumbe aliyemwona mnyama hana haki, huyohuyo hakumwona mume wangu kuwa ni mtu."

"Mama, mimi nimetoa mshahara mara mbili—"

"Nimesikia, na ningependa. Usidhani tumeshiba. Lakini masharti yake ni yaleyale: mgeni ashuke, atembee, taa zizimwe, na akijeruhi amfuate mwenyewe kwa miguu yake. Kama unataka nyama ya kupata umekaa, bwana, buchani ipo, na leo foleni si ndefu."

Mtaa mzima ukalipuka. Mtu alipiga sufuria. Mama akabonyeza simu, akakosea kitufe, akabonyeza tena mpaka ikakata, akamrudishia dereva. Kisha akanyoosha mikono, kwa sababu kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda, na baba akaja akamshika kiuno akamteremsha.

Mama akakaa kwenye ngazi.

"Nimefanya nini mimi?" alisema. "Tutakula nini?"

"Tulichokula jana," baba alisema.

"Jana tulikula nini?"

"Uliyepika ni wewe. Mimi nilikula gizani, taa ilikuwa imezimwa kubana matumizi."

Mama akampiga begani, akacheka huku machozi yanamtoka, na binti akacheka, na dereva, ambaye alikuwa bado hajui akirudi atamwambia nini bwana wake, akajikuta amekaa kibarazani anacheka nao. Mama akajifuta kwa pindo la kanga, akamwambia anawe mikono. Chakula kilikuwa kidogo lakini mgeni hawezi kuondoka hivihivi.

Simu ya dereva ikaita. Akaitazama, akamtazama Kimya.

"Pokea," baba alisema. "Mwambie unakula."